Ukungu Juu ya Gari Lililopakwa Nta

Mama mmoja wa Tanga ametuletea barua ambayo, ingawa yahusu gari, ndani yake mna jambo zito la nyumbani. Kijana wake huosha magari ili apate riziki. Hivi karibuni alikabidhiwa gari jeusi alioshe na kulipaka nta. Mwenye gari alikuwa na safari, hivyo kazi ikafanywa saa saba mchana, juani. Nta ilipofutwa, gari halikung'aa. Lilibaki na utando mweupe wenye mabaka, mfano wa kioo kilichopuliziwa pumzi, na kadiri kijana alivyofuta ndivyo mabaka yalivyozidi kuenea. Mwenye gari alikasirika, akasema kwamba rangi imeunguzwa. Hakulipa ujira, na tena adai fedha za kulipaka gari rangi upya. Mama auliza: je, nta yaweza kuunguza rangi ya gari? Na deni hilo ni la nani?

Jibu la swali la kwanza ndilo litakaloamua la pili, kwa hiyo na tuanze na nta yenyewe.

Nta ya gari, ambayo wauzaji wengi huiita waksi, aghalabu si nta tupu. Ni mchanganyiko wa nta, mafuta, na kimiminika chepesi cha jamii ya petroli ambacho kazi yake ni kuilainisha nta ili iweze kutandazwa. Nyingi husifiwa kwa kutiwa nta ya karnauba, itokanayo na majani ya mti wa jamii ya mchikichi unaoota kaskazini-mashariki ya Brazili. Hiyo ni nta ngumu sana; haiyeyuki mpaka joto lifike kati ya nyuzi 82 na 86 za sentigredi. Nta ya nyuki, ambayo wenyeji wa Tabora waijua vema, huyeyuka mapema zaidi, karibu nyuzi 62 hadi 64.

Nta ikipakwa kivulini juu ya bati lililopoa, kile kimiminika huruka polepole. Baada ya dakika chache hubaki ukungu mwembamba, mkavu, ulio sawa kila mahali. Ukungu huo si kosa. Ndiyo dalili kwamba wakati wa kufuta umewadia. Ukipitisha ncha ya kidole juu yake nayo ikaacha njia safi inayong'aa, futa. Ikiacha alama ya kupakazika, ngoja kidogo. Hata hivyo, ziko nta zinazotakiwa kufutwa papo hapo, kwa hiyo maelezo ya kopo yasomwe kabla ya kopo kufunguliwa.

Juani mambo hugeuka. Boneti ya gari jeusi lililoachwa katika jua la mchana wa pwani yaweza kupita nyuzi 60. Hapo kimiminika huruka hata kabla mkono haujamaliza kutandaza. Sehemu moja hukauka na kushika kama gundi ilhali jirani yake ingali na mafuta yaliyolainika kwa joto. Anayefuta husukuma mafuta hayo juu ya nta iliyoshika, na kitambaa kikishajaa, hakiondoi tena bali hupakaza. Hayo ndiyo mabaka aliyoyaona kijana wa Tanga. Na ikiwa nta ilipakwa nene, kwa imani kwamba wingi ndio uzuri, basi taabu huongezeka maradufu. Nta inayofanya kazi ni ule utando mwembamba unaogusana na rangi, na inayozidi ni ya kufutwa tu.

Pwani yetu ina adui wa pili, nao ni unyevu wa hewa. Katika miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto na unyevu huja pamoja. Gari lililolala nje huamka na umande, na maji yaliyojificha katika maungio ya milango hutiririka polepole. Nta iliyopakwa juu ya bati lenye unyevunyevu huchelewa kukauka, nayo hufutika kwa kupakazika. Kwa hiyo asubuhi, pamoja na ubaridi wake, haitoshi peke yake. Gari lazima kwanza likaushwe kabisa.

Sasa turudi kwenye swali la mama. Nta iliyopakwa juani haiunguzi rangi iliyo nzima. Lakini si kila ukungu ni wa nta, na hapa ndipo watu wengi hukosana bure. Maji ya kisima yenye chumvichumvi yakikaukia juu ya bati la moto huacha madoa meupe ya mviringo. Gari la zamani ambalo rangi yake imeliwa na jua kwa miaka mingi huwa na uso wa unga, kama chaki, hata kama halijawahi kuona nta. Na gari lililosuguliwa kwa vitambaa vyenye mchanga huwa na mikwaruzo midogo isiyohesabika, ambayo kwa mbali huonekana kama ukungu.

Kipimo chake ni rahisi, na hakuna haja ya kumwita fundi. Gari likiwa limepoa kivulini, chagua mahali padogo, upana wa kiganja. Tia tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika maji safi, lowesha kitambaa laini, fanya kama unapangusa, suuza, kisha kausha vizuri. Pakibaki safi hata baada ya kukauka, ukungu ulikuwa wa nta na rangi haina dhara. Paking'aa pakiwa na maji kisha weupe ukarudi pakikauka, basi ugonjwa umo katika rangi yenyewe, au ni madoa ya chumvi. Na jambo hilo halikuletwa na nta ya siku moja.

Ikishathibitika kwamba ni nta, dawa yafuata kwa utaratibu huu.

Kwanza, gari liondolewe juani, na kama limetoka safarini, injini ipewe muda wa kupoa, maana boneti hupata joto kutoka juu na kutoka chini. Weka mgongo wa mkono juu ya bati; likikuchoma au likikulazimisha kuuondoa mkono, subiri. Usilimwagie maji baridi ili kuharakisha, kwani yatakauka na kuacha madoa mapya.

Pili, ondoa vumbi kwa kuosha, kisha kausha. Kusugua juu ya vumbi ni kupiga msasa bila kukusudia.

Tatu, futa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa sana, ukifuatisha kwa kikavu. Kitambaa cha maikrofaiba ndicho bora. Asiye nacho atumie fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa, isiyo na kifungo wala mshono mgumu. Geuza upande mara kwa mara. Mara nyingi ukungu huishia hapa.

Nne, ukikaidi, chukua nta ile ile iliyotumika, paka kidogo mno juu ya sehemu ndogo, na ufute mara moja bila kungoja. Kimiminika kilichomo katika nta mpya hulainisha ile ya zamani iliyoshika, na zote mbili huondoka pamoja. Maliza sehemu moja ndipo uende nyingine: nusu ya boneti, kisha nusu ya pili, kisha mlango mmoja.

Tano, ikiwa hata hivyo haikutoka, osha gari zima kwa ile sabuni ya vyombo. Itaondoa nta nyingi, na kazi itaanza upya siku nyingine, saa iliyo njema. Ni afadhali kupoteza nta ya siku moja kuliko kupoteza rangi.

Weupe uliong'ang'ania kwenye plastiki nyeusi za bampa na pembezoni mwa madirisha hutoka kwa mswaki laini na maji ya sabuni. Na gari lililopakwa rangi upya lisitiwe nta mpaka fundi aliyelipaka aseme rangi imekomaa. Jambo hilo huweza kuchukua mwezi au hata miezi mitatu.

Twafika sasa penye hatari ya kweli. Rangi nzima ya gari kama ilivyotoka kiwandani aghalabu ina unene wa milimita 0.1 hadi 0.15 tu. Katika magari mengi ya leo, tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo ndilo lingaalo, ni kama milimita 0.05 au pungufu, yaani jembamba kuliko unywele. Mtu aliyeghadhibishwa na ukungu akichukua msasa, au nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, au sabuni ya unga kavu, aweza kulimaliza tabaka hilo kwa alasiri moja, nalo halirudi ila kwa kupaka rangi upya. Tina yaweza kuilainisha na kuitoa rangi. Petroli, juu ya madhara yake kwa rangi na kwa mapafu, hutoa mvuke unaoweza kushika moto kwa cheche ndogo tu. Isitumike kamwe, seuze mahali ambapo watoto huzunguka. Ukungu wenyewe hauna madhara. Madhara huletwa na hasira ya kuuondoa.

Kwa hiyo, mama wa Tanga, ushauri wetu ni huu. Kijana wako amwombe mwenye gari, kwa adabu, wakutane kivulini asubuhi, wafanye kile kipimo cha kiganja mbele ya macho ya wote wawili. Pakitakata, hakuna rangi ya kulipwa. Kijana amalize kazi yake bila nyongeza, kwa kuwa aliyekubali kupaka nta juani naye ana sehemu yake, na mwenye gari atoe ujira wote, kwa kuwa saa ya kazi aliichagua yeye. Pasipotakata, waliangalie paa, ambalo jua hulipiga zaidi, wakilinganisha na sehemu zisizofikiwa na jua, kama ndani ya fremu za milango. Unga wa miaka mingi hauwezi kutwikwa kijana wa siku moja.

Nanyi wenye magari, ambao kwa wengi wenu gari ndilo shamba la familia, kumbukeni kwamba anayeliosha naye ana familia. Msimpe kazi ya saa tatu mkataka aimalize kwa saa moja chini ya jua la adhuhuri, kisha mkamwita mharibifu. Vijana nanyi jifunzeni kusema, "Mzee, jua hili ni kali; nitaliosha sasa, nta tuipake jioni." Anayeijua kazi yake haoni haya kusema hivyo, na mwenye gari mwenye busara atamwamini zaidi.

Saa zifaazo ni mbili: asubuhi, baada ya umande kukaushwa na kabla ya saa tatu, na jioni, kuanzia saa kumi na moja, bati likiwa limekwisha poa. Patanieni saa hiyo kwanza, ndipo mpatane bei.