Tahadhari kwa Wanaonunua Redio Koli na Vifaa vya Setilaiti Kariakoo

Wewe unayejiandaa kukatiza pori la Rungwa kutoka Itigi kwenda Chunya, au kushuka Kilwa wakati wa masika, soma haya kabla hujatoa pesa Mtaa wa Aggrey.

Nilikuwa dukani pale nikamsikia muuzaji akimhakikishia dereva wa magari ya watalii: "Mzee wangu, hii inashika mpaka Morogoro." Mkononi alishika redio koli ndogo, ya bei isiyofika tairi moja la Land Cruiser. Haishiki Morogoro. Kwa majengo yaliyosongamana Kariakoo, hata Kimara haifiki.

Redio hizi zina nguvu ya wati 5 hivi, na mawimbi yake ya VHF na UHF husafiri karibu kama mwanga wa tochi: mlima ukikaa katikati, basi. Hata tambarare tupu, watu wawili waliosimama kila mmoja na redio yake hukatwa na mpindo wa dunia baada ya kilomita 10 hivi. Ndani ya bodi la chuma, katikati ya miombo, ukipata kilomita 2 au 3 shukuru. Magari mawili yakifuatana, zinasaidia sana. Gari moja likikwama peke yake, unaongea na miti.

Na madhara hayasubiri porini. Redio hizi nyingi huja na chaneli zilizopangwa kiwandani bila kujali nani anazitumia hapa kwetu, na zile zenye vitufe vya namba mtu huweza kuzipeleka popote, hata MHz 156.8, chaneli 16 ya baharini ambayo meli huitumia kuomba msaada. Bandari iko kilomita chache tu kutoka Msimbazi. Kijana anayechezea kitufe dukani anaweza kumfunika nahodha aliye hatarini. Marekani waliliona tatizo hili mapema: Septemba 2018 mamlaka yao ya mawasiliano ilitoa onyo rasmi dhidi ya redio za aina hii. Kwetu, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka leseni ya TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, kabla hujarusha mawimbi. Wapenzi wa redio za ridhaa, wale ambao vitambulisho vyao vya hewani huanza na 5H, wanaomba leseni na kujifunza kwanza. Nao hawaruhusiwi kufanyia biashara masafa yao. Wakitaka kufika mbali hutumia mawimbi mafupi, kama MHz 7, ambayo hupanda angani yakarudi chini mamia ya kilomita mbele. Hiyo ni mashine nyingine kabisa, na antena ya waya mrefu.

Setilaiti ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu kifaa chake kweli kinaweza kuokoa, na ndiyo maana mtu hukiamini akiwa amefumba macho. Iridium ina setilaiti 66 zinazozunguka dunia nzima, Rungwa ikiwemo. Lakini kifaa cha mtumba kisicholipiwa huduma ni kipande cha plastiki. Vile vya Garmin inReach, vinavyotumia setilaiti hizo, hubaki kwenye akaunti ya mwenye awali mpaka yeye mwenyewe akitoe. Tena fikiria jambo hili: ukibonyeza kitufe cha SOS cha inReach, anayepokea yuko kituoni Texas, Marekani. Hajui Rungwa. Anawategemea watu ulioandika majina na namba zao. Kama namba ni za mwenye zamani, mtu wa Ulaya ataamshwa usiku kuulizwa habari zako.

Na simu za iPhone 14 kuendelea? Huduma yake ya dharura kwa setilaiti ilianza Novemba 2022 Marekani na Kanada, kisha ikawa inafunguliwa nchi moja moja. Kuinunua Kariakoo hakukufungulii huduma hiyo porini kwetu.

Usiseme mtandao wa kawaida utatosha ukikwama njiani. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi ilikatika Somanga na wasafiri wakakwama. Tarehe 12 ya mwezi huohuo kebo za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikazorota nchini.

Kabla ya kuwasha gari, mwachie ndugu karatasi: njia unayopita, namba ya gari, na saa ambayo usiposikika aanze kupiga simu polisi na lango la hifadhi. Na kama kifaa cha setilaiti umeshanunua, usikijaribie kati ya maghorofa. Teremka nacho Jangwani leo, mahali penye anga wazi, tuma ujumbe kwa mtu wako, usubiri jibu. Lisipokuja, usisafiri ukikitegemea.