Fundisha programu ya ramani kupenda utulivu

Wiki hii naweka kando hifadhidata niongee kuhusu baisikeli. Msikimbie, kwenye kompyuta tutafika tu. Hoja yangu ni kwamba utulivu wa barabara ni data kama data nyingine, na programu nyingi za ramani zilizo kwenye simu zetu huitupa data hiyo bila hata kuiangalia. Mahali pa kuuona ukweli huu waziwazi ni Burgundy, Ufaransa, kwenye mashamba ya mizabibu, ambako nilizunguka kwa baisikeli siku nne pamoja na rafiki yangu mmoja.

Ukitoka mji wa Beaune kuelekea kusini una njia mbili. Kuna barabara kuu, D974, ambayo inakwenda moja kwa moja na ina malori yake, mizunguko yake na madereva wenye haraka zao. Halafu kuna Voie des Vignes, yaani Njia ya Mizabibu. Hii inaanzia karibu na bustani ya Bouzaize, inapindapinda katikati ya mashamba kupitia Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet, na kufika Santenay baada ya kilomita 20 na ushei. Wajuzi wa mvinyo wakisikia majina hayo hushusha pumzi. Mimi sinywi, kwa hiyo kwangu yalikuwa vijiji vya kujaza chupa ya maji. (Na kwa wale mnaokunywa: kiwango cha pombe cha gramu 0.5 kwa lita ya damu kinachombana dereva wa gari kule kinambana pia mwendesha baisikeli. Onjeni jioni.)

Kinachokushika kwanza ni sauti, au tuseme upungufu wake. Unasikia mnyororo wako mwenyewe. Unasikia kengele ya kanisa la kijiji ambacho bado hujakiona. Mnaweza kuendesha bega kwa bega mkizungumza bila kupaza sauti, jambo ambalo mtu aliyezoea kuendesha Nairobi hulifanya mwanzoni kwa wasiwasi, akigeuza shingo kila dakika kutafuta matatu ambayo haiji.

Lakini msidhani njia hii ilitengenezewa watalii tu. Sehemu kubwa yake ni vijia vya shamba, vingine vya saruji, vingine vya lami, vingine vya changarawe, vilivyopo ili trekta lifike kwenye mizabibu. Matrekta yenyewe ni marefu ajabu, yana miguu mirefu, yanapita juu ya mistari ya mizabibu kama mtu anayeruka mtaro. Ukikutana na moja unasimama pembeni, kwa sababu pale ni kazini kwa mtu. Msimu wa kupulizia dawa usikae nyuma yake, na wakati wa mavuno, kwa kawaida Septemba, hakuna utulivu wowote hadi zabibu ziishe. Huo utulivu, basi, ni matokeo ya pembeni ya kilimo. Kuna mtu aliyeona vijia ambavyo tayari vipo, akaweka vibao, akaviunganisha, akaviita njia.

Sasa tuingie kwenye kompyuta. Siku ya pili rafiki yangu alifungua programu ya ramani ya kampuni moja kubwa, siitaji jina, akaiambia tunatoka Beaune kwenda Santenay kwa baisikeli. Ikatupa D974 karibu yote. Ilijisifu kwamba tungeokoa dakika kumi na kitu. Tuziokoe tuzipeleke wapi? Tulikuwa likizoni!

Programu haikuwa na hitilafu. Ilifanya ilichoambiwa. Edsger Dijkstra alibuni kanuni yake ya kutafuta njia fupi mwaka 1956, alipokuwa amepumzika kwenye mkahawa mjini Amsterdam, na akaichapisha mwaka 1959. Programu za leo zina mbinu nyingi za kuharakisha kazi, lakini msingi ni uleule: makutano ni nukta, barabara ni mstari unaounganisha nukta mbili, na kila mstari una gharama. Kanuni hutafuta jumla ndogo ya gharama. Kanuni haijui gharama ni nini. Hilo anaamua mwandishi wa programu, na waandishi wengi wameamua kwamba gharama ni dakika. Wangeweza kuandika hivi:

gharama = urefu × adha

Tuseme barabara ya malori ina adha ya 5, barabara ya kijiji 1.5, kijia cha saruji kisichopitiwa na magari 1. Namba hizi nimezibuni tu kwa mfano. Kilomita 10 za barabara kuu zinakuwa 50, kilomita 14 za kijia zinabaki 14, na papo hapo kanuni ileile ya mwaka 1956 inakupeleka kwenye mizabibu bila kubadilishwa hata herufi moja. Ukitaka kujaribu, kuna programu huria iitwayo BRouter ambayo inakuruhusu uandike mwenyewe faili la adha zako. Mimi nililiandika langu usiku ule hotelini, mistari michache tu, na siku mbili zilizobaki hatukuigusa tena D974 isipokuwa kuivuka.

Lakini faili la adha halina maana kama ramani haina habari za uso wa njia. Hapa shukrani ziende kwa OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambamo mtu yeyote anaweza kuweka lebo: hii ni saruji, hii ni changarawe, hapa magari hayaruhusiwi. Huko Burgundy kuna watu wamekaa wakaweka lebo hizo hadi kwenye vijia vya nyuma ya kuta. Inafaa, kwa sababu eneo lenyewe ni hifadhidata ya kale. UNESCO ilipoliingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2015 ilihesabu vipande 1,247 vya mashamba, vinavyoitwa climats, kila kimoja na jina na mipaka yake. Romanée-Conti, lenye mvinyo wa bei ya kutisha, lina hekta 1.8 tu. Wakulima wa huko wanatofautisha udongo wa upande huu wa ukuta na wa upande ule, halafu simu yangu ishindwe kutofautisha kijia na barabara ya malori?

Kusini zaidi kuna mfano mwingine ninaoupenda hata zaidi. Kati ya Givry na Cluny, kilomita 44, kulikuwa na reli. Treni zilipoondoka, ardhi haikukatwakatwa viwanja. Mwaka 1997 ilifunguliwa kuwa Voie Verte, njia ya kijani, ya kwanza nchini Ufaransa, ikipita Buxy na Cormatin. Kwa kuwa treni haipandi mlima mkali, nawe hupandi. Gia unazisahau. Sheria iliyoeleza rasmi njia ya kijani ni nini ilikuja mwaka 2004, miaka saba baadaye, na programa yeyote aliyewahi kuandika msimbo kwanza na maelezo baadaye atatabasamu hapo.

Kusini mwa Cluny njia hiyo inaingia kwenye handaki la Bois Clair, mita 1,600 hivi, baridi tupu hata mchana wa joto. Majira ya baridi handaki hufungwa kwa sababu popo wamelala humo. Fikiria programu isiyojua habari za popo: itakutuma Januari hadi kwenye mlango uliofungwa. Kwa hiyo lebo inahitaji pia tarehe.

Nasikia mtu akisema haya ni mambo ya watalii wa Ulaya, sisi tuna shida kubwa zaidi. Sikubali. Anayebeba mitungi ya maziwa kwenye baisikeli kule Limuru si mtalii, na kijana anayeendesha kwenda shule kando ya trela ana haja kubwa ya njia tulivu kuliko niliyokuwa nayo mimi. Na njia zipo. Mashamba ya chai ya Tigoni na ya kahawa ya Kiambu yana vijia vya trekta kama vya Meursault, udongo mwekundu badala ya saruji. Waendeshaji wa Nairobi wanavijua, ila vimo vichwani mwao. Tangu mwaka 2009 mradi wa Map Kibera umeonyesha kwamba vijana wa mtaani wanaweza kuchora kwenye ramani hiyohiyo huria mtaa mzima ambao ramani nyingine ziliuacha wazi. Kushinda hilo, kuandika "udongo, hakupitiki mvua ikinyesha" juu ya kijia cha kahawa ni kazi ya jioni moja.

Ugumu uko penginepo. Vingi vya vijia hivi ni mali ya shamba, na mlinzi anayemruhusu mwendesha baisikeli mmoja Jumapili huenda asiwaruhusu hamsini waliotumwa na simu. Kwa hiyo naweka lebo ya uso wa njia, na ya ruhusa naiacha hadi nimwulize mwenyewe. Nimeanza na vijia vitatu upande wa Tigoni. Viwili mlinzi amekubali, na kimoja nimekiwekea lebo ya "hairuhusiwi", ili programu isimpeleke mtu huko.