Daftari la wiki: Wanaowatafuta popo wa milimani

Aliyerudi Nyungwe

Wiki hii nimezama katika habari za popo wa Nyungwe, msitu wa milimani ulioko kusini-magharibi mwa Rwanda, ambako maji ya mvua hugawana njia: mengine hushuka kuelekea Nile, mengine Kongo. Humo anaishi popo ambaye wanasayansi humwita Rhinolophus hilli. Alielezwa rasmi mwaka 1973, lakini baadaye ilipita takriban miaka 40 bila yeyote kumwona. Wengi walihofu kwamba ametoweka.

Januari 2019 kikosi cha watafiti, wakiwemo Wanyarwanda na Wakenya, kilimnasa usiku. Waliomshika walihisi mara moja kwamba si wa kawaida, lakini hawakukimbilia kutangaza. Walichukua vipimo, wakamwachia arudi msituni, kisha vipimo hivyo vikalinganishwa na sampuli chache za zamani zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya. Tangazo likatoka Machi 2022. Nausifu sana uvumilivu huo. Jina likikosewa, hata msitu unaolindwa kwa ajili yake unaweza kuwa si wenyewe.

Kazi ya wavu

Wavu wa popo ni mwembamba kiasi kwamba gizani hauonekani. Hutandazwa kabla ya magharibi, kukatiza kijia au kijito, kwa kuwa popo hupenda mapito yaliyo wazi. Tangu hapo ni kuukagua kila baada ya dakika chache. Popo akiachwa muda mrefu hujisokota, hutafuna nyuzi na huweza kufa kwa uchovu na baridi.

Anayemtoa huvaa glavu, naye anapaswa awe amechanjwa kichaa cha mbwa. Kwanza hutazama popo ameingilia upande gani, kisha humtoa kwa upande huohuo. Popo huwekwa katika kifuko cha kitambaa, hupimwa uzito na urefu wa kigasha, na bawa lake hukunjuliwa mbele ya taa: viungo vya vidole vya mtoto hupenyeza mwanga, vya mkubwa havipenyezi. Majike wenye mimba au wanaonyonyesha huachiwa kwanza. Mbalamwezi ikiwa kali popo wengi hupunguza kuruka mahali peupe, na mvua ikinyesha nyavu hufungwa. Jedwali la kurasa mbili katika ripoti huwa limegharimu makesha mengi.

Wanaobaki wakisikiliza

Wavu hauwafikii wanaoruka juu ya vilele vya miti. Ndipo vinasa sauti vinapohitajika. Popo wa jamii ya Rhinolophus hutoa sauti kwa pua, kali kupita uwezo wa sikio la binadamu, na kikunjo cha ngozi kinachoizunguka pua huielekeza sauti hiyo mbele, kama mtu anayekunja viganja mdomoni amwite mwenzake ng'ambo ya bonde. Mara nyingi kila spishi ina kiwango chake cha sauti, hivyo mashine yaweza kumtambua popo ambaye hakuna jicho lililomwona. Ila sharti kwanza mmoja ashikwe, sauti yake irekodiwe.

Popo wa 2019 alitoa ufunguo huo. Baada ya wageni kuondoka, askari wa hifadhi ya Nyungwe waliweka vinasa sauti sehemu 23 kwa miezi tisa, wakakusanya mafaili ya sauti yapatayo robo milioni. Rhinolophus hilli alisikika sehemu 8 tu, zote ndani ya eneo dogo. Kwangu hii ndiyo habari kubwa kuliko kukamatwa kwake. Sasa inajulikana ni wapi ulinzi uzidishwe, na wanaojua ni watu wa hapohapo.

Hofu ina sababu, iwe na akili

Msomaji ataniuliza kuhusu kirusi hatari cha Marburg. Ana haki. Utafiti uliofanywa katika mapango na migodi ya Uganda umethibitisha kwamba popo mla matunda aitwaye Rousettus aegyptiacus hubeba kirusi hicho, na mlipuko wa Rwanda wa 2024 ulihusishwa na mgodi wenye popo.

Lakini tusikie kilichotokea katika mgodi wa Kitaka, Uganda. Wachimbaji waliugua mwaka 2007, na popo wa mgodi ule wakaangamizwa. Popo wengine walihamia humo baadaye. Walipopimwa, kiwango cha maambukizi kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha awali. Kuua hakukuleta usalama. Usalama ni kujua popo gani anaishi pango gani, kutoingia humo bila kinga, na kutowashika kwa mikono mitupu. Asiyewatofautisha humwadhibu mla wadudu wa Nyungwe kwa kirusi cha mla matunda wa mgodini. Orodha ya spishi ni kazi ya afya ya jamii pia.

Nyumbani Tanga

Mwaka 2000 watafiti watatu, mmoja wao Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walieleza spishi mpya kutoka msitu wa mapango ya Amboni, karibu kabisa na jiji la Tanga. Walimwita Rhinolophus maendeleo. Watalii walikuwa wakiingia mapangoni humo miaka nenda rudi, na popo huyo hakuwa katika orodha yoyote. Ukitoka hapo kuelekea Usambara Mashariki unaifikia Amani, hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, imezungukwa na chai na mashamba ya iliki. Huko pia popo wamewahi kunaswa na kuorodheshwa. Sensa ya mara moja, hata hivyo, haisemi nani amepungua tangu hapo.

Ninachoomba kinawezekana. Kila hifadhi ya milimani ipewe vinasa sauti, na askari wake wafundishwe kuvitumia na kusoma majibu. Matokeo yasomwe kwenye mikutano ya vijiji vinavyopakana na msitu, kwa Kiswahili, kabla hayajafungiwa kwenye majarida. Askari wa Nyungwe wameshafanya sehemu ngumu ya kazi hiyo. Hakuna sababu ya Amani, Uluguru na Udzungwa kungoja popo wao wapotee miaka 40 ndipo waanze kuwasikiliza.