Hojaji Haitoshi Nyanjani

Wanafunzi wenzangu, Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Diwani yake ilichapishwa na William Hichens mwaka 1940. Katika karne hiyo nzima, mashairi yale yangepotea lau si Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka na kumfafanulia mmishenari W. E. Taylor mafumbo yake. Aliyeitwa Sikujua ndiye aliyejua, kwani aliujua mji na ugomvi wake.

Sisi je? Twashuka garini asubuhi, twagawa hojaji, jioni tumo bwenini. Nami nimo. Nilimwendea bibi mmoja kijijini kwetu nikamwomba wimbo wa bembelezi. Aliimba beti mbili, akanyamaza, nikaandika, “Wimbo ni mfupi.” Siku ya tatu, kalamu nimeiweka, tukichambua kunde pamoja, alipakata mjukuu aliyekuwa akilia. Wimbo ule ule ukatoka, mrefu ajabu, umejaa vijembe. Mkaza mwanawe alikuwa jikoni, na masufuria yakaanza kugongana. Kumbe mtoto hakuwa hadhira peke yake! Swali gani la hojaji yangu lingalilifichua hilo?

Yafaa idara zetu zipunguze maswali na kuongeza siku za kukaa. Wadaio kuwa fedha hazitoshi wana hoja, lakini mwanafunzi aweza kuanzia kwao, ambako hatozwi malazi. Tena arudi mara ya pili, bila kinasasauti.