Wajibu wa Anayejua Kwanza

Kijana anapoanza kuvutwa na itikadi kali, wa kwanza kujua si chifu, si OCS wa kituo cha polisi cha jirani, wala si ofisa wa ujasusi aliyeko Nairobi. Wa kwanza kujua ni rika lake. Ni yule aliyeketi naye maskani jana, wanayekopeshana pesa za bando, anayefahamu kwamba wiki hizi mwenziwe haji tena uwanjani, hataki kupeana mkono na majirani aliokua nao, na simu yake haiachi mezani hata akienda kunawa. Ndiyo maana gazeti hili linasema bila kuzunguka: wajibu wa kulinda amani ya mtaa uko kwanza mabegani mwa vijana, na kijana anayejua kisha akanyamaza ameuvunja.

Tunalisema hili tukiujua uzito wake. Pwani na Kaskazini Mashariki mwa Kenya zimezika watu wengi mno kwa mambo ambayo kuna mtu aliyaona mapema. Shambulio la Kikambala mwaka 2002. Mpeketoni Juni 2014, zaidi ya watu 60. Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa bado vitandani alfajiri ile. Mmoja wa waliofyatua risasi Garissa alikuwa kijana Mkenya, mtoto wa chifu kutoka Mandera, aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Babake alikuwa ameshawaarifu wakuu wa serikali kwamba mwanawe ametoweka. Alifanya lililompasa. Lakini mzazi huambiwa mwisho. Mtu aliyesoma miaka kadhaa chuoni, aliyekula na wenzake na kulala nao, hakuna hata mmoja aliyemwona akigeuka?

Swali hili linawahusu pia wale wanaopenda kueleza kila kitu kwa umaskini. Kazi ni muhimu, hatubishi. Utafiti wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, uliotolewa mwaka 2023 ulikuta robo ya waliojiunga kwa hiari na makundi ya kigaidi barani Afrika wakitaja ukosefu wa kazi kuwa sababu kuu. Robo ni wengi. Lakini bado inabaki robo tatu, na yule mhitimu wa sheria wa Mandera hakukosa elimu. Utafiti uliotangulia wa shirika hilohilo, wa mwaka 2017, ulionyesha jambo linalotuhusu zaidi: katika Afrika watu huvutwa na watu wanaowajua, ana kwa ana, zaidi kuliko intaneti. Rafiki humleta rafiki, binamu akamleta binamu. Ikiwa mlango wa kuingilia ni urafiki, basi mlinzi wa mlango huo hawezi kuwa askari. Ni rafiki.

Wanaozijua maskani za Likoni, Kisauni na Majengo hawahitaji mtaalamu wa kuwafunza dalili. Kijana aliyekuwa akidaiwa na muuza kahawa analipa deni lote kwa siku moja, na hana kazi mpya inayojulikana. Anauza pikipiki kwa bei ya kutupa. Anagawa nguo zake. Anafuta picha zake zote mtandaoni, na akiulizwa anasema amepata kazi nje, lakini nchi haitaji na wakala hamtaji. Maneno yake nayo yanabadilika: jirani aliyemwita mjomba sasa ni kafiri, imamu aliyemfundisha alifu sasa ni msaliti. Wenziwe wanacheka, wanamwita shekhe, mchezo wa drafti unaendelea. Baada ya muda haji tena. Mamake anapita hapo kuuliza, na barza nzima inatazama chini.

Hapa lazima tuseme jambo kwa ukali uleule, ili tusieleweke vibaya. Kufuga ndevu si dalili. Kuvaa buibui au niqabu si dalili. Kijana aliyeacha muguka akaanza kuswali jamaa msikitini anapaswa kupongezwa, na anayempeleka kituoni kwa hilo anafanya dhuluma. Utafiti huo wa mwaka 2017 ulikuta kwamba waliopata angalau miaka sita ya elimu ya dini walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujiunga na makundi haya, na kwamba zaidi ya nusu ya waliojiunga walikiri kuyajua maandiko kidogo au kutoyajua kabisa. Maalim wa madrasa ni ngome. Anayemtilia shaka kila mcha Mungu anaibomoa ngome hiyo kwa mikono yake.

Wala itikadi kali haina dini moja. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, makaburi yalianza kufukuliwa, na waliopatikana walizidi 400, wakiwemo watoto wengi. Wafuasi wa mhubiri mmoja wa Kikristo walikuwa wameacha kazi, wamewatoa watoto shuleni na kuuza mali zao kabla ya kuingia msituni kufunga hadi kufa. Mambo hayo hayafanyiki gizani. Mali huuzwa kwa mtu, na mtoto akitolewa shuleni dawati lake huonekana tupu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Shakahola kilituumbua sote, Waislamu na Wakristo.

Sasa, kusema ni kufanya nini? Hatumwambii kijana awe mpelelezi wa kulipwa. Tunamtaka aanze na mwenziwe. Amkalishe chini, amuulize nani anayemwandikia usiku na kazi hiyo ya nje iko wapi. Urafiki usioweza kuuliza swali hilo haustahili jina lake. Akipuuzwa, aende kwa mama, kwa mjomba, kwa ustadh anayeheshimiwa na wote wawili. Wengi wanaweza kurudishwa hapo, kwa sababu bado hawajatenda lolote. Lakini akisikia habari ya silaha, ya safari ya kuvuka mpaka au ya mtu anayepangiwa kudhuriwa, mashauri ya nyumbani yamekwisha. Hapo ni kwenda kwa wenye mamlaka, siku hiyohiyo. Anayesubiri hapo ameshiriki.

Tunajua jibu litakalotoka maskani, na si jibu la uoga mtupu: nikimtaja, atapotea. Serikali ilisikie jibu hili, maana imelijenga yenyewe. Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi Mombasa Agosti 2012, na Abubakar Shariff, maarufu Makaburi, Aprili 2014. Gazeti hili halikukubaliana na mafundisho ya wahubiri hao wawili, lakini mahali pa kuwashtaki palikuwa mahakamani, na wauaji wao hawajahukumiwa. Februari 2014 polisi waliingia msikiti wa Masjid Musa, Mombasa, na kukamata vijana kwa makumi. Aprili mwaka huo operesheni ya Usalama Watch ikawajaza maelfu vizuizini, wengi wao Wasomali, na uwanja wa Kasarani ukageuzwa mahabusu. Tangu hapo mitaa imejifunza kuogopa gari lisilo na namba zaidi ya inavyomwogopa anayesajili vijana. Katika utafiti ule wa UNDP wa mwaka 2017, asilimia 71 ya waliotaja tukio lililowasukuma kujiunga walitaja kitendo cha serikali: ndugu au rafiki aliyeuawa au kukamatwa. Hakuna mhubiri wa chuki anayeweza kununua tangazo kama hilo.

Kwa hiyo wajibu wa serikali tunautaja bila kuung'ata ulimi. Kijana aliyetajwa na mwenziwe lazima aonekane: kituoni kwa jina lake, mahakamani ndani ya saa 24 kama Katiba inavyotaka, na mamake aambiwe alipo. Msamaha uliotangazwa Aprili 2015 na aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph Nkaissery, uliwaita vijana warudi kutoka Somalia. Wapo walioitika. Kule Kwale baadhi ya waliorejea waliuawa, na wengine wakaishi mafichoni, wakiwahofia wenzao wa zamani na wakiwahofia polisi vilevile. Serikali ikitoa ahadi ya usalama, aliyeiamini akafa, ahadi inayofuata haisikilizwi na mtu. Tunataka mpango wa kuwapokea wanaorejea uwe na sheria yake, bajeti yake na ofisi inayojulikana kila kaunti, usitegemee huruma ya kamanda aliyeko zamu. Hatua ya Februari 2025 ya kuondoa uhakiki wa ziada wa vitambulisho kwa wakazi wa kaunti za mpakani tuliipokea vizuri. Itapimwa kwa vitambulisho vilivyo mifukoni mwa vijana.

Wazee nao wasijifiche nyuma ya makosa ya polisi. Kwale iliandika mpango wake wa kaunti wa kuzuia itikadi kali mwaka 2017, Mombasa na Lamu zikafuata, na yameandikwa mambo mazuri kuhusu vijana. Kisha yakaja makongamano. Tazama kongamano la kawaida: ukumbi wa hoteli, fulana zenye maandishi ya amani, karatasi ya mahudhurio inayozungushwa mara mbili, mgeni rasmi anayefika saa tano na kuondoka kabla ya maswali, nauli inayogawiwa mlangoni jioni. Vijana walioalikwa ni walewale wa mwezi uliopita, kwa sababu wanajua kuzungumza na wafadhili. Yule wa Bongwe, kule Kwale, anayefuatwa usiku na wasajili hakualikwa, na angealikwa asingeketi meza moja na ofisa aliyemkamata kakake. Fedha za umma na za wafadhili zinaisha hivyo, na ripoti zinaandikwa kwamba vijana wameshirikishwa. Hatukubali neno hilo litumike hivyo. Azimio namba 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Desemba 2015, liliwataka wakuu wa dunia kuwapa vijana nafasi pale maamuzi yanapokatwa. Nchi ambayo sensa ya 2019 ilikuta robo tatu ya watu wake wako chini ya miaka 35 haikupaswa kungoja New York iiambie.

Mfano wa kufuata tunao nyumbani, na haukuanzia hotelini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wajir ilikuwa ikichinjana kwa koo. Wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walianzia sokoni, wakahakikisha kwamba mwanamke wa ukoo wowote anauza na kununua bila kubaguliwa. Kutoka hapo wakaenda kwa wazee, wakahimiza koo ndogo zisimamie mazungumzo ya koo kubwa, na mwaka 1993 likapatikana Azimio la Al Fatah. Lakini waliona jambo ambalo wapangaji wa leo wanalisahau: wazee hutia sahihi, bunduki zinabaki kwa vijana. Wakawaingiza vijana katika kazi yenyewe, wakawatuma kwa vijana wenzao vijijini, na shauri la kuwatafutia riziki walioshika silaha likawa sehemu ya mapatano. Kamati za amani zilizoenea wilayani baadaye zilichota kwa Wajir. Siku hizi katika kamati hizo kijana hupewa kiti cha mwisho, naye ndiye hutumwa kwenda kuita mgeni rasmi. Tunawataka magavana na makamishna wa kaunti za Pwani wawape vijana thuluthi ya viti katika kila kamati ya amani ya wadi, wachaguliwe na wenzao, na posho yao iwe sawa na ya mzee.

Tunarudi kwa kijana, maana makosa ya serikali na uzembe wa wazee havimfungulii minyororo ya wajibu wake. Desemba 21, 2015, karibu na El Wak, wapiganaji wa kundi la Al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera, wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka uliotangulia, katika basi lililotoka Mandera, abiria 28 walitengwa na kuuawa, kwa hiyo kila aliyekuwemo alijua amri ile ina maana gani. Wanawake wa Kiislamu waliwapa wenzao Wakristo mitandio ya kujifunika. Abiria Waislamu wakakataa kujitenga, wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Salah Farah, mwalimu Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Hakuna aliyekuwa amewapa watu wale semina, na hapakuwa na muda wa kuuliza serikali imewafanyia nini Wamandera. Palikuwa na jirani, na palikuwa na swali moja la kujibiwa papo hapo.

Kijana wa maskani haulizwi kwa mtutu wa bunduki. Ana siku, pengine majuma, ana chai ya jioni na namba ya simu ya mwenziwe. Kilichotakwa kwa Salah Farah ni kikubwa mno kuliko tunachokitaka kwake. Basi ukimwona rafiki yako analipa madeni ghafla, anaaga bila kutaja anakokwenda, na anamwita adui mtu aliyemlea, mwendee umuulize. Akikuficha, mwambie mamake, na umwambie leo.