Kauza MacBook ya Zawadi: Kabla Hamjamtukana, Sikilizeni Upande wa Gemu

Wiki nzima mjini stori ni moja. Dada mmoja anayeuza mawigi mtandaoni, mwenye wafuasi wake wa kutosha tu, alimnunulia mpenzi wake MacBook siku ya kuzaliwa. Video ikapostiwa: boksi, utepe mwekundu, keki, jamaa kafunika uso kwa mikono. Komenti zikamiminika, "hii ndo maana ya kupendwa", "wa kwangu hata vocha hanitumii". Haikufika miezi miwili, laptopu hiyohiyo ikaonekana kwenye grupu la kuuza vitu vya mkononi, stika ya duka la mawigi bado imebandikwa juu ya kava. Shoga yake akaiona, akapiga skrinishoti, akamtumia. Hapo ndo moto ulipowaka.

Jamaa katukanwa mpaka basi. Kaitwa marioo, kaitwa hana shukrani, kaitwa na majina mengine ambayo hayaandikiki hapa. Wachache waliojaribu kumtetea walisema labda ana madeni ya kubeti. Ukweli ulipotoka ndo ukawaudhi watu zaidi: kauza ili anunue laptopu ya Windows, tena ya mtumba, nene kama tofali, apate kucheza gemu.

"Gemu? Mwanaume mzima?" Komenti hiyo ilipigwa laiki kuliko posti yenyewe.

Haya. Kosa lake moja liko wazi na halina wakili: aliuza kimyakimya. Zawadi ya mtu haiuzwi kwa kujificha, na yule dada ana haki ya kuumia, maana hela ile ilitoka kwenye wigi moja moja, siyo kwa mjomba. Ila hilo la "gemu tu" ndo linahitaji kuangaliwa vizuri, kwa sababu wengi wanaomcheka hawajui alichokuwa anakipoteza, na wala hawajui nani hasa aliyemnyang'anya.

Jamaa ana rafiki yake wa toka utotoni. Wamekulia mtaa mmoja Magomeni, wakawa wanashinda kwenye kibanda cha gemu, anayefungwa anatoka, anayeshinda anabaki na pedi. Rafiki yuko Muscat sasa, mwaka wa tatu, anafanya kazi ghalani. Ijumaa kule ni mapumziko. Kwa hiyo kila Ijumaa, saa tatu usiku ya Dar, saa nne ya Muscat, wawili hawa wanakutana kwenye mpira wa EA. Mmoja ana PS5 kule, mwingine alikuwa na laptopu yake ya zamani ya Windows huku. Na mpira wenyewe nusu ya muda ni kisingizio. Wanavaa hedifoni wanapiga stori: kodi ya nyumba, afya ya mama, bosi anayezingua. Rafiki alipofiwa na baba yake akashindwa kuja kuzika, usiku ule walifungua mechi tatu na hawakumaliza hata moja.

Wanaume wengi wa mjini hawapigiani simu kuulizana "unaendeleaje moyoni?". Wanaalikana mechi. Anayeona ni utoto na acheke, lakini ndo njia waliyonayo.

Sasa ikaja MacBook. Jamaa, kwa heshima ya zawadi, laptopu ya zamani akampa mdogo wake anayeanza chuo. Ijumaa ikafika. Gemu halipo. Siyo kwamba mashine ni dhaifu, ile MacBook ina nguvu kuliko tofali la zamani mara kadhaa. Gemu la EA la mpira kwenye kompyuta limetengenezewa Windows tu, basi.

Kwa wasiojua inavyokwenda: gemu halikai peke yake kwenye kompyuta. Kila kitu linaomba kwa mfumo endeshi: chora hiki kwenye skrini, piga sauti hii, soma pedi. Gemu la Windows limekariri mlango wa kuomba kila kitu, kama mtu aliyezoea ofisi moja ya serikali, anajua muhuri ni dirisha la tatu. Mpeleke jengo lingine, madirisha yapo, wafanyakazi wapo, ila yeye anabaki kasimama koridoni. Zamani kulikuwa na njia ya mkato. Kuanzia 2006 Apple wenyewe walikuwa na Boot Camp, unaweka Windows ndani ya Mac, unaiwasha unavyotaka. Mwaka 2020 wakaanza kutumia chipu zao za M, na Boot Camp ikaishia hapo. Fundi mmoja wa Kariakoo alimwambia jamaa kwa kujiamini kabisa, "lete kaka, tunapiga Windows", halafu baada ya siku mbili akamrudishia: "Hii ya M imekataa, mwanangu."

Hapo ndo watu wengi wanaishia na kusema basi, teknolojia haijaruhusu. Siyo kweli, na hii ndo sehemu inayotakiwa kuwakera watu kuliko laptopu iliyouzwa.

Kuna programu inaitwa Wine, imeanza kutengenezwa 1993. Kazi yake ni kumshika mkono yule mtu wa koridoni: gemu likiomba kitu kwa lugha ya Windows, Wine inalipeleka kwenye dirisha sahihi la mfumo mwingine. Mwaka 2018 kampuni ya Valve ikaichukua kazi hiyo, ikaiongezea, ikaitoa kwa jina la Proton. Februari 2022 wakatoa Steam Deck, mashine ya kushika mkononi ambayo inaendeshwa na Linux, na magemu maelfu yaliyoandikwa kwa ajili ya Windows yanapiga kazi humo bila mchezaji kujua kuna mkalimani ndani. Apple nao 2023 wakatoa zana zao za kuwasaidia watengenezaji kuhamisha magemu ya Windows, na ndani yake imo Wine hiyohiyo. Yaani ukuta umeshatobolewa, tena miaka mingi.

Kilichobaki ni mlinzi mlangoni. Magemu ya mtandaoni yana programu za kuzuia wadanganyifu, wale wanaotumia ujanja kuona kupita ukuta au kulenga bila kukosa. Mpira wa EA kwenye kompyuta uliletewa mlinzi wa namna hiyo na FIFA 23, na mlinzi huyo akikuta hayupo kwenye Windows yenyewe, hafungui. Watu wa Steam Deck waliokuwa wanacheza FIFA za nyuma wakaachwa nje siku hiyo. Septemba 2024 ikawa zamu ya GTA Online. Cha kuchekesha, mlinzi waliyemleta, BattlEye, ana uwezo wa kufanya kazi kwenye Proton, mwenye gemu anatakiwa tu aruhusu. Hakuruhusu. Mwezi uliofuata, tarehe 31 Oktoba, Apex Legends nao wakaifungia Linux moja kwa moja.

Kampuni zina hoja, na siyo ya kupuuzwa. Wa Apex walisema wadanganyifu wengi walikuwa wanapitia Linux kwa sababu huko ni vigumu kuwakamata. Aliyewahi kucheza na mtu anayedanganya anajua inavyoudhi, unaweza kurusha pedi ukutani. Sawa. Lakini hoja ya pili huwa haisemwi kwa sauti, na hiyo ni hesabu ya vichwa. Counter-Strike ya zamani ilikuwa inachezeka kwenye Mac. Ilipokuja Counter-Strike 2 mwaka 2023, Mac ikaachwa, na Valve wakaeleza kwamba wachezaji wa Mac, ukiwajumlisha na wa kompyuta za kizamani, hawafiki asilimia moja. Valve hao hao wenye Proton! Kwa mhasibu ni sahihi kabisa. Kwa aliye ndani ya hiyo asilimia ni kufungiwa mlango huku wenzako unawasikia wanacheka ndani.

Na anayedhani mambo haya ni ya uwezo wa mitambo akumbuke kilichotokea na Fortnite. Kwa muda mrefu watu wa PlayStation na wa Xbox hawakuweza kucheza pamoja, na maelezo yalikuwa marefu kweli. Septemba 2017, ghafla, wakajikuta uwanja mmoja. Watu wakashangilia. Kampuni ikasema samahani, ilikuwa ni mpangilio uliokosewa, ikawatenganisha tena. Yaani swichi ilijiwasha kwa bahati mbaya, wakaizima! Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2018, Sony wakakubali iwashwe rasmi. Hakuna aliyebadilishiwa mashine.

Turudi kwa jamaa, maana washauri wa kwenye komenti wamekuwa wengi. "Si angenunua PS4 ya bei poa?" Asingekutana na rafiki yake: toka FIFA 23, PS5, Xbox mpya na kompyuta ziko kundi moja, PS4 na Xbox One kundi lao lingine. PlayStation mbili za kampuni moja, na bado hazionani. "Si angestrimu, gemu linakaa kwenye seva wewe unatazama?" Huduma maarufu za namna hiyo zinataka intaneti ya 15 Mbps kwa picha ya kawaida tu, na ukipiga hesabu ni karibu GB 6.75 kwa saa moja. Kwa bando za kwetu, Ijumaa moja ya stori inakula hela ya mwezi. "Si angecheza la simu?" Hilo ni gemu lingine, na rafiki yake hayumo humo.

Lakini kuna kipande cha stori hii ambacho mashoga wa yule dada wamekiruka. Kwenye ile video ya keki, ukisikiliza vizuri, kuna sauti ya mtu kwenye simu anasema, "Shem, umetisha!" Ni yule rafiki wa Muscat, kapigiwa video aone zawadi. Yeye aliona boksi akajua palepale kwamba Ijumaa zimekwisha. Alinyamaza. Nani anaharibu sherehe ya mwenzake kwa kuuliza mfumo endeshi?

Na dada naye hakukosea kununua. Aliingia dukani akauliza ipi kali, akaonyeshwa iliyo kali kweli. Hakuna aliyemuuliza jamaa anaitumia kufanyia nini. Mjini laptopu imekuwa kama pochi, watu wanaangalia nembo iliyo mgongoni. Ukiwa nayo kwenye mgahawa wenye kiyoyozi hakuna anayejua kwamba rafiki yako mmoja hayupo tena ndani yake.

Swali zito ni kwa nini jamaa hakusema. Tuseme ingekuwa ni programu ya kuediti video ndo imegoma. Angemwambia siku ya pili, "mpenzi, hii mashine inakataa kazi yangu", na wangeenda wote dukani kubadilisha, dada akiwa mbele anagomba na muuzaji. Tena video ya kugomba nayo ingepostiwa. Lakini aanzie wapi kumwambia mwanamke aliyejinyima miezi kwamba zawadi yake haifai kwa sababu ya gemu la mpira? Alijua atakachojibiwa. Ni kilekile mlichomjibu nyinyi wiki hii: mwanaume mzima? Basi akachagua uongo. Akamwambia kaipeleka kwa fundi, na kwa wiki mbili "fundi" alikuwa ni mteja wa Tabata.

Hapo ndo kosa lilipozaliwa, na matusi ya mtandaoni yana hisa zake humo. Mtu akikaa baa kila Ijumaa na washkaji zake mpaka saa nane usiku anaitwa mwanaume ana marafiki. Mwenzake akikaa nyumbani, amevaa hedifoni, anaongea na rafiki aliye nje ya nchi kwa gharama ya bando, anaitwa mtoto. Halafu mnashangaa kajificha.

Mambo yalipofikia sasa: video ya keki imefutwa. Dada kaposti mawigi mapya tu, hajasema neno, na waliomuuliza kwenye komenti kawablock. Jamaa, kwa mujibu wa watu wake wa karibu, ametuma chenji yote iliyobaki baada ya kununua lile tofali, na ujumbe mrefu ambao umesomwa haujajibiwa. Ijumaa iliyopita aliingia kwenye gemu saa tatu kama kawaida. Rafiki yake hakuanzisha mechi. Alimuuliza kwanza, "Shem umeshamwambia ukweli wote, au bado unamzungusha?"

Haya wadau, aliyefungiwa mlango na kampuni kapata mlango, aliyedanganywa kuhusu fundi bado kakasirika. Shem akubali yaishe, au jamaa aitafute ile MacBook Tabata na kuirudisha?