Kuteuliwa Si Kuchaguliwa: Somo kutoka Umphang

Wengi wanaojifunza Kiswahili huvitumia vitenzi "kuteua" na "kuchagua" kana kwamba ni pacha. Katika somo la uraia havifanani hata kidogo. Anayeteuliwa hupewa cheo na mkubwa wake; anayechaguliwa hupewa kwa kura. Hapo ndipo hujulikana kiongozi atamjibu nani.

Itazame wilaya ya Umphang, mkoani Tak, magharibi mwa Thailand. Ndiyo wilaya kubwa kuliko zote nchini humo kwa eneo: kilometa za mraba zipatazo 4,300 za milima na misitu, mpakani mwa Myanmar. Wakareni ni miongoni mwa wenyeji wake. Barabara itokayo mji wa Mae Sot ina urefu wa kilometa zipatazo 164, na kona zake zimehesabiwa: 1,219.

Umphang ina kata sita. Mkuu wa wilaya, sawa na mkuu wa mkoa, huteuliwa na serikali kuu kupitia Wizara ya Mambo ya Ndani. Mkuu wa kijiji huchaguliwa na wanakijiji, lakini aweza kukaa madarakani hadi atimize umri wa miaka 60. Halmashauri za kata ziliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na tangu 2003 wenyeviti wake huchaguliwa moja kwa moja. Baada ya mapinduzi ya 2014 chaguzi hizo zilisimamishwa. Wananchi wa kata hawakupiga kura tena hadi Novemba 2021.

Wapo wasemao kwamba wilaya ya mpakani yahitaji mtumishi wa serikali kuu, asiyefungamana na ukoo wala kundi la mahali. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mteule aweza kuhamishwa kabla hajaizoea barabara ile. Mwanakijiji ataipita mvua ikinyesha, mgonjwa akiwa mgongoni. Kwa maoni yangu, mkuu wa mkoa angepaswa kupigiwa kura, kama gavana wa Bangkok anavyopigiwa, na uchaguzi wa kata usiahirishwe kwa amri.

Nawe msomaji, andika vyeo vitatu vya uongozi mahali unapoishi. Kando ya kila kimoja andika "huteuliwa" au "huchaguliwa", kisha ujiulize: barabara ikiharibika, nitamwendea nani, naye ana sababu gani ya kunisikiliza?